Nilivyokwenda Kukaguliwa Meno Nikamng'ata Mkwe

Mimi ndiye yule mama wa Kwai aliyemng'ata mkwe wake. Nimeona niseme mwenyewe, kwa sababu mkisubiri kusimuliwa na watu wa sokoni Lushoto mtaambiwa kidole kilikatika kikaanguka, na wengine wataongeza kwamba nilikimeza, na hayo ni uongo mtupu. Kidole kipo, mwenyewe anacho, kinafanya kazi. Lakini kung'ata nilimng'ata, tena wiki ya harusi, tena kidole chenyewe kile cha kuvalia pete, na hadi leo nikipita kwenye mafungu ya karoti kuna vijana wanaficha mikono mifukoni, nikiwatazama wanasema "Shikamoo mama" kwa adabu zote huku mabega yanawatikisika.

Kwa wale ambao hawakulelewa milimani kwetu, ngoja niwaeleze ukubwa wa jambo lenyewe. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Mama mkwe hampi mkono mkwe wake, hakai naye kochi moja, hali chakula mbele yake, na akimwona anakuja njiani anaweza hata kupinda akapita kwenye kabichi za watu ili wasikutane uso kwa uso. Mimi nimelelewa hivyo na nilikuwa najivunia kwamba nitakuwa mama mkwe wa mfano. Siku walipoleta barua ya posa nilijifungia jikoni, nikamchungulia kijana kwa upenyo wa dirisha, nikaona kisogo na kola ya shati, nikaridhika (kisogo kizuri, sikatai). Niliambiwa anaitwa Elisante, Mpare wa Same, daktari huko huko Tanga anakofundisha shule mwanangu Neema. Daktari wa nini sikuuliza. Kwangu mimi daktari ni daktari, anakupima homa, anakuandikia dawa, unakwenda zako.

Ila ningekuwa na akili ningeshtuka, kwa sababu tangu Neema apate mchumba alikuwa ameanza kunihubiria meno. Mtoto anapiga simu, shikamoo marahaba, ng'ombe hajambo, mara anaingia hapo hapo: "Mama, umekwenda kukaguliwa meno?" Namwambia meno hayaumi. Anasema ndiyo maana unakwenda sasa, kabla hayajauma. Namwambia mwanangu, hospitali ina foleni ya watu wanaoumwa kweli kweli, mimi nikafike pale nikae kwenye benchi niseme nini, kwamba nimekuja kusalimia? Mimi falsafa yangu ilikuwa moja, jino likinyamaza na wewe mnyamazie. Kwa daktari wa meno nilikuwa nimekwenda safari moja tu maishani, kung'oa gego, na safari hiyo Neema alikuwa mgongoni nimembeba na kitenge. Sasa Neema anaolewa. Hesabu mtafanya wenyewe.

Basi ikafika wiki ya harusi, harusi yenyewe Jumamosi, nyumba imejaa wageni, shangazi zangu wameshuka kutoka kila kona, akiwemo Shangazi Rahabu ambaye ndiye mkubwa wetu wa mila (na mkubwa wetu wa kula, lakini hilo halisemwi). Jumatano asubuhi napiga mswaki, natema, naona damu. Siyo mara ya kwanza, fizi zangu zilikuwa na tabia hiyo siku nyingi, lakini siku hiyo nikawaza picha. Nikajiona Jumamosi nimevaa gauni la zambarau, nimesimama pembeni ya bibi harusi, nacheka, na damu kwenye meno kama nimetoka kula mtu. Nikaingiwa na hofu.

Na ndipo nikakumbuka namba ya Mama Hadija. Mama Hadija ni jirani yangu, tunapakana kwa ua, analima hoho na nyanya na ulimi wake mnausikia kabla hamjamwona. Wiki hiyo palikuwa na upimaji wa meno wa bure kwenye ukumbi wa usharika mjini, watu wote wanakaribishwa, na waliokuja kuandikisha walikuwa wamemwandika na yeye wakampa kikaratasi cha namba. Akakitupa kwangu pale pale. Akasema mtu akimfuata daktari wakati haumwi, daktari akikosa cha kutibu atakitengeneza. Mwenyewe akapanda bodaboda akaenda zake Mlalo kwa ndugu zake, akaahidi kurudi Ijumaa kunipikia pilau la sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi.

Uandikishaji ulikuwa umefungwa. Na hata ungekuwa wazi, mama wa bibi harusi kuonekana anazurura mjini siku ya kuchambua mchele ni maneno. Nikaamua, kaamuzi kadogo tu, kwamba nitakwenda kwa jina la Mama Hadija, nikaguliwe upesi, nirudi, hakuna atakayejua. Nikaaga kwamba nafuata vitambaa vya sare kwa fundi. Nikajifunga kanga kichwani hadi nyusi, mimi huyo mjini.

Ukumbi ulikuwa umepangwa vizuri, mabenchi huku, pazia la shuka kule, na nyuma ya pazia kiti cha kulaza mgonjwa ambacho hakikuwa cha hospitali, nilikitambua, ni kile cha kinyozi wa pale stendi kinacholala chenyewe ukikanyaga pedeli. Baadaye ndipo nilipojua kwamba daktari aliyetarajiwa alikuwa amekwama chini ya Soni, mlima umeporomoka barabarani, akiwa na kiti chake na vifaa vyake vingi kwenye gari, kwa hiyo wazee wa usharika wakaazima kiti na wakaazima na daktari: wakamwomba kijana mmoja aliyekuwa amefika mjini kwa shughuli zake ashike nafasi. Hayo yote mimi sikuyajua. Mimi niliona kijana mrefu amevaa koti jeupe, barakoa hadi machoni, kofia, glovu, na msaidizi wake, kijana mwenye sauti kubwa anayeita majina. Akaita, "Mama Hadija wa Kwai." Nikainuka kwa madaha kabisa, kana kwamba jina hilo nilipewa ubatizoni.

Nikakaa. Akaning'iniza shingoni kile kikaratasi cha bluu cha kuzuia mate, kina kamnyororo kake. Akaniamkia, nikaitika. Akaniuliza kwa upole, "Mama, mara ya mwisho kukaguliwa meno ilikuwa lini?"

"Sijawahi kukaguliwa, mwanangu. Mimi siyo gari."

Akacheka ndani ya barakoa. Kisha akanieleza, na ninakiri alieleza vizuri, kwamba watu wengi wakikaguliwa mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, wapo wenye vinywa vilivyotulia ambao daktari anaweza kuwaambia waje baada ya mwaka mzima na zaidi, na wapo wenye fizi zinazotoa damu au wenye kisukari ambao wanatakiwa waje upesi zaidi, hata baada ya miezi michache. Ratiba haiwi sawa kwa kila mtu, akasema, inatokana na hali ya kinywa chako, ila asiyefaa kupanga ratiba ni maumivu, kwa sababu jino likianza kuuma huwa limeharibika siku nyingi. Nikamwambia hayo ni kama maneno ya mwanangu. Akasema mwanao ana akili. (Angalieni hapo. Sisi wawili tunamsifia mtu mmoja na mimi sina habari.)

Akakanyaga pedeli, kiti kikalala ghafla, miguu yangu ikapanda juu, nikafungua mdomo kwa mshtuko kabla sijaambiwa. Akawasha tochi ya kichwani, akainama, akatazama. Nikamwona anainuka kidogo, anatazama dari, anashusha pumzi, anainama tena. Mkono wake ukawa unatetemeka. Nikajisemea moyoni, ewe Mungu, wameniletea mwanafunzi. Akaweka kile kioo chake kidogo chenye mpini, kidole chake kingine amekiegemeza juu ya meno yangu ya mbele ili mkono utulie, akaanza kunihesabia kwa sauti ndogo ya haraka haraka mambo aliyokuwa anayaona, ukoga hapa, fizi imevimba hapa, anaharakisha kama mtu anayevuka barabara.

Na hapo ndipo yule msaidizi mwenye sauti kubwa alipopenyeza kichwa kwenye pazia na simu mkononi. "Elisante, bibi harusi wako anapiga. Anasema mama yake katoweka nyumbani kwao Kwai tangu asubuhi, fundi naye anasema hajamwona. Anauliza afanye nini."

Wenzangu, nisikilizeni. Nimelala chali kwenye kiti cha kinyozi, miguu juu, mdomo wazi hadi koromeo, na ndani ya mdomo huo yumo Elisante. Yule wa kisogo. Mkwe ambaye sikutaka hata anione natafuna, sasa anahesabu magego yangu kwa tochi. Mwili wangu haukuniuliza chochote. Ulifanya jambo moja tu alilofunzwa mama mkwe tangu utotoni, kujisitiri, na kwa kuwa mikono ilikuwa imebanwa ndani ya kanga ya pili niliyojitanda, kilichobaki cha kufunga kilikuwa mdomo.

Nikaufunga. Na nguvu zangu mnazijua, mimi huvunja muwa wa jirani bila kisu.

Hakupiga kelele, nitamsifu kwa hilo daima. Alitoa sauti ndogo tu ya mbuzi aliyekanyagwa, akasimama kwa vidole vya miguu, kisha akasema maneno ambayo yamenichoma kuliko kama angenitukana. Akasema, "Pole, mama."

Nikafungua mdomo, kidole kikatoka, nikaruka. Sikuaga. Nilitokea mlango wa nyuma, nikapita katikati ya wanakwaya waliokuwa wanafanya mazoezi (na ni kwaya ya harusi yetu, Mungu wangu, lakini kanga ilinisaidia), nikadandia bodaboda ya kwanza, nikamwambia Kwai, usisimame popote. Kijana akaniuliza njiani, "Mama, kuna moto?" Nikamwambia upo, endesha.

Kufika nyumbani wageni wote wamekaa uani wanamenya viazi, na Neema amesimama na simu, amevimba kwa hasira. Akanitazama juu hadi chini, akauliza vitambaa viko wapi. Kabla sijajibu akauliza tena, "Na hicho cha shingoni ni nini?" Nikajigusa. Kile kikaratasi cha bluu kilikuwa bado kinaning'inia na kamnyororo kake, kimepeperuka njia nzima kutoka mjini. Nikasema ni cha kisasa cha kumenyea viazi, kinazuia maji yasiingie kifuani, fundi amenipa. Shangazi Rahabu akakivua shingoni mwangu, akakipindua, akakivaa yeye, akakaa nacho hadi jioni.

Niliomba yaishie hapo. Lakini habari ya mji wetu haihitaji gari. Jumatano hiyo hiyo bodaboda wakaileta: Mama Hadija wa Kwai kamng'ata daktari. Alhamisi kidole kilikuwa kimeshonwa. Ijumaa asubuhi mwuza maziwa akatuambia kidole kimepelekwa Korogwe kwenye barafu. Na mimi nafanya nini? Mimi natikisa kichwa na wenzangu, nasema eeh, yule mama naye. Nilikuwa namwogopa Mama Hadija atakaporudi, lakini zaidi niliiogopa sendofu. Wapare mnawajua, watani zetu hao, kesi ya kuku wanaweza kuisikiliza kutwa nzima, sasa hii ya kidole cha bwana harusi wataiachaje? Nikawaza wakigundua wataondoka na vyombo vyao, na harusi ya mwanangu wa pekee itakuwa imevunjikia mdomoni mwangu. Nilitaka kumwambia baba yake Neema nikashindwa, nikamwambia ng'ombe wakati namkamua, naye akanipiga mkia usoni.

Sendofu tuliifanya Ijumaa mchana nyumbani, kwa sababu kwetu jioni ukungu ukishuka turubai linalowa na wageni wanaanza kukohoa. Shangazi Rahabu kwa kuheshimu mila akatundika kanga mbele ya meza yetu wazazi, ili mkwe asinione nikila. Nikakaa nyuma ya kanga hiyo kama malkia, na mkwe akaingia na watu wake kwa vigelegele, suti ya kijivu, tabasamu, na kidole cha pete kimefungwa bandeji nyeupe kubwa kama yai. Nikaona kwa upenyo.

Mshereheshaji, mmoja wa wale wasiojua kunyamaza, akauliza bwana harusi amepatwa na nini. Elisante akainuka akasema kidole kilibanwa na mlango wa gari, ni jambo dogo. Nikashusha pumzi, nikamsifu Mungu kwa kijana mwongo. Lakini yule msaidizi wake, ambaye kumbe ndiye msimamizi wake wa harusi na anaitwa Gasper, akanyakua kipaza sauti akacheka akasema mlango gani, mlango una meno? Akasimulia yote: kiti cha kinyozi, miguu juu, mama amefungwa kanga hadi nyusi, kang'ata, karuka, kakimbia na kikaratasi cha shingoni. Watu wakaanguka chini. Baba yake Neema alicheka hadi akatoka akaenda nyuma ya banda la ng'ombe. Gasper akamaliza kwa kusema, "Jina nalikumbuka, nilimwita mwenyewe. Mama Hadija wa Kwai."

Vicheko vikakatika kwa upande wa jikoni. Mama Hadija alikuwa amesimama pale na mwiko wa pilau mkononi.

Akatembea taratibu kati ya meza, mwiko ameushika wima, watu wanampisha. Akafika mbele ya Gasper akamtazama. Mimi nyuma ya kanga nikakumbuka jambo moja ambalo majirani zake tunalijua na wageni hawalijui, ambalo katika haraka zangu zote lilikuwa limenitoka kichwani. Mama Hadija akavuta midomo yake kwa vidole, juu na chini, akamwonyesha Gasper, akamgeukia mshereheshaji akamwonyesha, akawageukia Wapare wote akawaonyesha. Meno ya mbele hana hata la dawa. Yalikwisha zamani moja moja, na nyama anaikata kwa kisu vipande vidogo ndipo aile.

"Nilimng'ata na nini?" akauliza. "Na huu mwiko?"

Kisha akasema namba yake kweli aliandikwa, lakini hakwenda, alimwachia mtu. Hakunitaja. Aligeuza shingo tu akaitazama ile kanga, na watu wote chini ya turubai nao wakageuza shingo wakaitazama ile kanga, na nyuma ya kanga nimekaa mimi na paja la kuku mdomoni.

Shangazi Rahabu ndiye aliyeivuta. Sijui aliivuta kwa hasira au kwa udadisi, lakini ilianguka, na nikawa wazi. Nikatoa paja la kuku. Nikasimama, nikasema ni mimi. Nikasema sikujua ni yeye, niliona barakoa tu, na nilipojua ni yeye nikaona aibu, na aibu ndiyo iliyofunga mdomo. Nikamwomba radhi Mama Hadija kwa jina lake nililolitumia na kwa siku zote nilizotikisa kichwa na wasengenyaji. Neema alikuwa ameweka mikono yote usoni na sikuweza kujua analia au anacheka, na hilo ndilo lililokuwa linaniua.

Hapo Wapare wakaingia kazini. Baba yake mdogo Elisante akainuka, akarekebisha koti, akasema kabla ya kwenda mbele ni lazima ijulikane nani ametangulia kukosa, mdomo uliofunga au kidole kilichoingia. Mjomba wangu akajibu kwamba mdomo ulikuwa kwake na kidole ndicho kilichohama. Mwingine upande wao akauliza je, mdomo ulipofunguliwa haukuwa umekaribisha? Mshereheshaji akakaa chini kabisa. Shangazi Rahabu akapiga meza akasema mkwe ameingia mdomoni mwa mama mkwe, jambo hilo halijatokea tangu Usambara iwe Usambara, na pasipo kusafishwa hakuna mtu atakayevaa pete kesho.

Nilipoyasikia hayo nikajua ndiyo basi. Nikamtazama mwanangu. Nilikuwa tayari kung'olewa meno yote hapo hapo na kijiko cha pilau kama ingesaidia.

Elisante akainuka. Hakunitazama usoni, alitazama ardhi kama inavyotakiwa, lakini aliongea na mimi. "Mama, mimi nilikujua," akasema. "Ulipofungua mdomo niliuona mwanya wa Neema. Ule ule, mahali pale pale. Nikajua nimeingia kwa mkwe."

Watu wakaguna. Akaendelea kwamba alitaka kuacha, lakini angesema nini, mgonjwa yuko kwenye kiti na fizi zake zinahitaji msaada, na daktari hamwachi mgonjwa kwa kuwa ni mkwe. Kwa hiyo alikuwa anaharakisha amalize nisijue, aibu ibaki kwake peke yake, na laiti Gasper asingeleta ile simu angefanikiwa. Kama kuna kosa, akasema, ni lake, kwa sababu yeye alijua na mimi sikujua.

Jamani, nililia. Kumbe ule mkono uliokuwa unatetemeka haukuwa wa mwanafunzi, ulikuwa wa mtoto mwenye heshima. Baba yake mdogo alikuwa bado na hoja mbili tatu lakini kina mama wa upande wao wakamvuta koti akakaa. Shangazi Rahabu naye, alipoona wote wanafuta machozi, akatoa hukumu ya kati: mama mkwe atatoa jogoo na kanga, jogoo achinjwe leo leo, yaishe. Kama kweli hiyo ni mila au Shangazi aliitunga palepale mimi sijui, najua tu kwamba jogoo wangu mwekundu alikwenda na supu yake alikunywa Shangazi. Mama Hadija yeye hakutaka jogoo. Alitaka Jumatatu nimsindikize sokoni, kila atakayesema habari ya kung'ata nimsahihishe mimi mwenyewe kwa sauti, na nilifanya hivyo, na ndiyo sababu leo mji mzima unanijua.

Jumamosi kanisani pete haikuingia. Neema alisukuma, ikagoma kwenye kifundo, kidole kimevimba. Kwaya ikarudia ubeti, ikarudia tena, mwalimu wa kwaya ananitazama kwa jicho baya kana kwamba nimemharibia mpangilio, mchungaji anakohoa. Mwisho ikavishwa kidole kidogo cha pembeni yake, ikawa inacheza cheza, na Elisante akalazimika kukunja ngumi ibada nzima ili isianguke. Kwenye picha zote za harusi anaonekana kama mtu anayejiandaa kupigana. Na mimi pembeni yake, gauni la zambarau, nimefunga midomo kabisa. Hakuna picha hata moja niliyoonyesha jino, baada ya taabu yote ile.

Sasa hivi naenda kukaguliwa meno, hayaumi wala nini, naenda tu. Elisante alinitafutia mwenzake wa kazi huko Tanga, mama mtu mzima, akanisafisha ukoga, akaniambia kwa fizi zile nirudi baada ya miezi mitatu, nikarudi, akaona zimetulia, akaniongezea miezi, na kama nitapiga mswaki vizuri huenda akaniongezea tena. Nimejifunza, na somo langu nalitoa bure: jino usilisubiri liume, kanguo ka uoga vua mapema, na kabla hujalala kwenye kiti muulize daktari avue barakoa, akutajie jina lake, anakotoka, na kama amechumbia.

Safari ya mwisho mkwe alinisindikiza mwenyewe. Hakuingia, alikaa kwenye benchi la nje ameinamisha kichwa kwa heshima, na mimi nilipotoka nikasimama mbali naye kama inavyotakiwa, nikafunika mdomo kwa kanga.

"Pole na kazi, mama," akasema, anatazama sakafu. "Vipi huko ndani, salama?"

"Salama, mwanangu," nikamwambia. "Daktari ana vidole vyake vyote."

Akajaribu kujizuia akashindwa, akacheka, na mimi nikacheka, na kanga ikaniponyoka, nikacheka mdomo wazi mbele ya mkwe wangu mchana kweupe, magego yote nje, na sikuufunga.